Ruzuku ya mbolea: mifuko tumeihesabu, magunia bado

Kila msimu unapofungwa, takwimu inayosubiriwa zaidi katika kilimo cha Tanzania ni tani za mbolea zilizotumika. Takwimu hiyo imepanda kweli. Msimu wa 2021/2022 matumizi yalikuwa takriban tani 363,000. Msimu wa 2023/2024 yalivuka tani 840,000. Wanaoiunga mkono ruzuku iliyoanza 2022 huishika namba hiyo kama ushahidi kwamba kazi imefanyika, na wanaoipinga huuliza hazina itabeba mzigo huu mpaka lini. Kambi zote mbili zinabishana juu ya jambo moja, yaani bei ya mfuko, na hapo ndipo mjadala unapopotea njia. Bei ya mfuko ilikuwa kikwazo kikubwa mwaka 2022. Leo kikwazo kikubwa kwa mkulima wa ekari mbili au tatu ni mahindi machache anayoyapata kwa kila kilo ya mbolea anayoitia ardhini. Kwa hiyo shilingi inayofuata ya ruzuku isiende kushusha bei zaidi. Iende kwenye mambo yanayoifanya mbolea ifanye kazi: kufika kwa wakati, udongo unaoweza kuipokea, na namna inavyowekwa shambani.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 2008, bei za mbolea duniani zilipopaa, serikali ilianzisha mpango wa vocha za pembejeo uliodumu hadi msimu wa 2013/2014. Mkulima alipewa vocha ya kulipia karibu nusu ya bei kwa ekari moja ya mahindi au mpunga: mfuko mmoja wa urea (mbolea ya kukuzia), mmoja wa DAP au miwili ya Minjingu (mbolea za kupandia), pamoja na mbegu bora. Nadharia ilikuwa kwamba baada ya misimu mitatu mkulima atakuwa ameona faida na ataendelea kwa fedha yake. Mpango ulizifikia zaidi ya kaya milioni 2, lakini kila aliyeishi kijijini miaka ile anaujua ugonjwa wake. Vocha zilifika mvua zikiwa zimeshaanza, na baadhi ya wakulima walisaini vocha wakapewa na wakala fedha kidogo badala ya mbolea. Wakala alipeleka karatasi benki, mkulima akaenda kununua chumvi na sabuni, na kwenye taarifa ekari moja ikahesabiwa kuwa imewekewa mbolea.

Ruzuku ya sasa nayo ilizaliwa na mshtuko wa bei. Baada ya vita vya Ukraine kuanza Februari 2022, tani ya urea kwenye soko la dunia ilivuka dola 900. Mfuko wa kilo 50 wa urea uliuzwa hapa nchini kwa karibu shilingi 125,000 na wa DAP karibu 131,000. Agosti 2022, wakati wa sherehe za Nane Nane, serikali ilitangaza ruzuku na kutenga shilingi bilioni 150. DAP na urea zikashuka hadi 70,000. Mbolea nyingine za kukuzia zikafuata: CAN kutoka karibu 108,000 hadi 60,000, na SA kutoka karibu 83,000 hadi 50,000. Safari hii karatasi ziliachwa. Mkulima anaandikishwa kijijini kwa mtendaji, anatamka ekari zake na mazao yake, anapata namba kwa simu, na wakala anaiingiza kwenye mfumo wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea (TFRA) kabla ya kutoa mfuko. Msimu wa kwanza ulikuwa na foleni ndefu, mawakala waliokaa makao makuu ya wilaya tu, na mtandao uliokatika mchana kutwa. Mengi yamerekebishwa tangu hapo, na mfumo huu ni bora kuliko vocha kwa kiwango kikubwa. Usiulizwe tu swali ambalo haukuundwa kulijibu, nalo ni hili: mbolea ile ilizaa nini?

Swali hilo hujibiwa kwa hesabu ya kiini cha mbolea, yaani kirutubisho kilichomo ndani yake, kwa sababu mfuko wenyewe hauelezi kitu. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23. CAN ina asilimia 26 hivi, sawa na kilo 13. SA ina asilimia 21, yaani kilo 10 na nusu. Kwa bei za ruzuku za 2022, kilo moja ya naitrojeni ilimgharimu mkulima shilingi 3,043 akinunua urea, 4,615 akinunua CAN na 4,762 akinunua SA. Mfuko ulioonekana rahisi kuliko yote dukani ndio uliokuwa ghali kuliko yote shambani. Upande wa serikali, fidia iliyolipwa kwa kila kilo ya naitrojeni ilikuwa karibu shilingi 2,400 kupitia urea, 3,100 kupitia SA na 3,700 kupitia CAN. SA ina salfa ambayo baadhi ya mashamba yanaihitaji, na CAN haipotei hewani kirahisi kama urea, kwa hiyo zote zina mahali pake. Lakini sidhani kama kuna aliyekaa akaamua kwamba hazina ilipie naitrojeni ya CAN kwa mara moja na nusu ya ile ya urea. Ilitokea hivyo kwa sababu bei zilipangwa kwa mfuko.

Sasa tuingize mahindi. Tuseme mkulima anauza kilo kwa shilingi 500. Shamba lililopandwa kwa wakati, lenye udongo mzuri na palizi safi, linaweza kutoa kilo 20 za ziada kwa kila kilo ya naitrojeni. Shamba lililochelewa, lenye tindikali na magugu, linaweza kutoa 8. Kwenye shamba la kwanza kilo ya naitrojeni inaleta shilingi 10,000: kwa urea ya ruzuku ni zaidi ya mara tatu ya gharama, na kwa bei kamili ya 125,000 bado inakaribia mara mbili. Kwenye shamba la pili inaleta 4,000. Kwa ruzuku, mkulima anapata shilingi 1.3 kwa kila shilingi moja. Bila ruzuku anapata hasara. Mkulima anayetegemea mvua, ambaye msimu mmoja katika kila misimu kadhaa humwangusha, hawezi kuhatarisha fedha yake kwa faida iliyo chini ya mara mbili, na hakosei. Yaani kwenye shamba la pili hata mfuko wa 70,000 ni ghali, na kwenye shamba la kwanza hata mfuko wa 125,000 unakaribia kulipa. Kupunguza bei kwa asilimia 44 kulifanya kazi ndogo kuliko ambayo ingefanywa na kulihamisha shamba kutoka kilo 8 hadi kilo 20.

Nini kinalifanya shamba libaki kwenye 8? Cha kwanza ni kalenda. Nyanda za Juu Kusini hupanda mvua za kwanza za Novemba na Desemba. DAP ni mbolea ya kupandia. Fosforasi yake haitembei kwenye udongo, hivyo lazima iwe karibu na mzizi tangu siku ya kwanza. Meli ikichelewa Dar es Salaam, au lori likichelewa katika safari ya zaidi ya kilomita 1,000 hadi Sumbawanga, DAP inafika Januari mahindi yakiwa magotini. Mkulima aliyekwisha kulipa hawezi kuitupa, kwa hiyo anaimwaga juu ya ardhi kama mbolea ya kukuzia, na sehemu kubwa ya fosforasi yake haitasaidia zao la mwaka huo. Kinyume chake pia hutokea: wakala ana urea peke yake, mkulima anapandia urea. Chembe za urea zikigusa mbegu hutoa amonia inayounguza chipukizi, na shamba linaota mapengo. Mtu akipita wiki mbili baadaye atalaumu mbegu.

Cha pili ni kipimo na mahali pa kuweka. Ekari moja ikipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mimea miwili kwa shimo, ina mashimo karibu 9,000. Mfuko wa DAP ukigawanywa humo unatoa gramu tano na nusu kwa shimo, yaani kizibo kimoja cha soda. Ikipandwa 75 kwa 30 mmea mmoja mmoja, mashimo yanakuwa karibu 18,000 na kipimo kinakuwa nusu kizibo. Wengi huambiwa "kizibo kimoja" bila kuulizwa nafasi ya kupanda, basi mfuko unaisha katikati ya shamba na nusu iliyobaki haipati kitu. Mbolea ya kupandia ikae sentimita tano pembeni au chini ya mbegu, ifunikwe udongo kidogo kabla mbegu haijawekwa. Urea ya kukuzia iwekwe baada ya palizi, mahindi yakiwa na majani sita hadi nane, sentimita kumi kutoka kwenye shina, udongo ukiwa na unyevu, na ifukiwe. Urea iliyoachwa juu ya ardhi yenye joto na unyevunyevu inapotea hewani siku chache tu, na mkulima hana namna ya kuiona ikipotea. Akiweka kabla ya palizi anawalisha magugu. Mambo haya hayana siri yoyote, na kila bwana shamba anayajua. Tatizo ni kwamba bwana shamba mmoja ana vijiji kadhaa, na wiki ya kuweka urea ni ile ile kwa wakulima wake wote.

Cha tatu, na ndicho kinachosahaulika kabisa, ni tindikali. Maeneo mengi yenye mvua nyingi ya Njombe, Ruvuma, Mbeya na Rukwa, kama yale ya magharibi mwa Kenya, yana udongo ambao pH yake (kipimo cha tindikali, ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi) iko chini ya 5.5. Hapo alumini iliyomo kwenye udongo inayeyuka, inafupisha na kuvimbisha ncha za mizizi, na inaishika fosforasi isipatikane. Mkulima anaweka DAP mfuko mzima na bado majani yanakuwa ya zambarau kana kwamba hakuweka kitu. Anahitimisha kuwa mbolea ni feki. Mara nyingine ni feki kweli. Kenya ilishuhudia 2024 mbolea isiyo na ubora ikiuzwa kupitia mpango wa serikali wenyewe. Lakini shamba lenye pH ya 4.8 litaitendea DAP halisi vivyo hivyo, na hakuna mkaguzi wa mifuko atakayeligundua hilo.

Dawa yake ni chokaa ya kilimo: tani moja hadi mbili kwa hekta, sawa na kilo 400 hadi 800 kwa ekari, kutegemea pH na aina ya udongo. Isagwe laini, isambazwe siku isiyo na upepo, ichanganywe hadi kina cha sentimita 15 au 20, mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda. Isichanganywe na urea, SA wala DAP siku moja, kwa sababu inaifukuza naitrojeni kama amonia. Ikishawekwa vizuri inafanya kazi misimu mitatu au minne. Ikizidi, inazuia zinki, na hapo mtu ametatua tatizo moja akazalisha lingine. Ndiyo maana kipimo kinatangulia: udongo uchukuliwe sehemu 10 hadi 15 kwa mwendo wa zigizaga, kina cha sentimita 20, uchanganywe kwenye ndoo safi ya plastiki, ipelekwe nusu kilo iliyokaushwa kivulini. Kipimo kimoja kwa kata nzima hakina maana, kwa sababu shamba la bondeni na la mlimani hutofautiana hata kama yanapakana. Serikali imeshagawa vifaa vya kupima udongo kwenye halmashauri, na kituo cha Mlingano, Tanga, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI), kipo kwa kazi hiyo hiyo. Lakini matokeo ya kipimo hayajafungamanishwa na ruzuku. Anayejua pH yake na asiyeijua wanapewa mfuko ule ule kwa bei ile ile.

Hoja za upande wa ruzuku si za kubeza. Bila uamuzi wa 2022 wakulima wengi wangerudi kupanda bila mbolea, na shamba lililoachwa bila mbolea misimu miwili hupoteza zaidi ya mavuno ya misimu hiyo: mimea dhaifu huacha mabua machache, na mboji ya udongo hupungua. Ruzuku iliwaingiza sokoni watu waliokuwa hawajawahi kununua mfuko mzima, ikawapa mawakala sababu ya kufungua maduka kwenye kata, na ikajenga daftari la wakulima ambalo nchi haikuwa nalo. Hili la daftari peke yake lina thamani kubwa. Isipokuwa tuache kuyasoma mavuno yote ya 2023/2024 kama kazi ya mbolea. Msimu ule El Niño ilileta mvua nyingi kwetu, na El Niño hiyo hiyo iliwakausha Malawi na Zambia mpaka wakatangaza maafa. Malawi ilikuwa na ruzuku pia. Aliyeweka mfuko Kasungu kule Malawi na aliyeweka mfuko Mbozi kwetu walipata matokeo tofauti kwa sababu ya mawingu. Isitoshe, tani 840,000 zinajumuisha tumbaku, chai, miwa na mboga, na zinahesabu kilichouzwa, siyo kilichofika kwenye shimo la mhindi.

Hoja za upande wa pili zina uzito zaidi kuliko wanavyokiri watetezi wa ruzuku. Kampuni inauza mfuko kwa bei ya chini halafu inasubiri serikali iilipe tofauti. Malipo yakichelewa, fedha ya kuagizia mzigo wa msimu unaofuata haipo, na kuchelewa huko ndiko kunakoileta DAP Januari. Ruzuku iliyo wazi kwa kila aliyeandikishwa inampa zaidi mwenye ekari nyingi, ambaye angenunua hata bila msaada. Mfuko wa ruzuku karibu na mpaka ambako upande wa pili unauzwa ghali una miguu. Malawi ilianza ruzuku kubwa 2005/2006, ikapata ziada ya mahindi na sifa za dunia nzima, kisha ikajikuta imenaswa: gharama zilimeza sehemu kubwa ya bajeti ya kilimo, fedha za ugani na utafiti zikakonda, na hakuna serikali iliyothubutu kuondoka kabisa. Bei ya dunia nayo haikukaa ilikokuwa. Kufikia katikati ya 2023 urea ilikuwa imeshuka chini ya dola 400 kwa tani. Ruzuku iliyoundwa kama mwavuli wa dhoruba inahitaji kanuni ya lini ifungwe na lini ifunguliwe, na kanuni hiyo ingepaswa kuandikwa siku ile ile mwavuli ulipofunguliwa.

Hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo yenye mashabiki wengi mitandaoni, ni ile inayosema mbolea za viwandani zimeua ardhi yetu, ruzuku ifutwe, na wakulima warudi kwenye samadi kama mababu. Tuipime. Samadi iliyokauka, ya ng'ombe wa kuchunga, ina naitrojeni ya asilimia moja hivi, mara nyingi pungufu. Kupata kilo 23 zilizomo kwenye mfuko mmoja wa urea kunahitaji tani mbili na robo au zaidi za samadi kavu kwa ekari, na sehemu tu ya naitrojeni hiyo hutoka msimu wa kwanza. Mkulima mwenye ng'ombe wawili na ekari tatu hana samadi hiyo, wala mkokoteni wa kuibeba. Mababu wanaotajwa walikuwa na kitu ambacho mjukuu hana, nacho ni ardhi ya kuacha ipumzike miaka kumi. Na kwa wastani wa Afrika, ambao Azimio la Abuja la 2006 liliukuta ukiwa kilo 8 tu za virutubisho kwa hekta na kuazimia ufike 50 ifikapo 2015, kusema ardhi imeuawa na wingi wa mbolea ni ajabu. Ardhi hii imechoka kwa kuvunwa bila kurudishiwa.

Punje ya ukweli iliyomo kwenye hoja hiyo inastahili kuokotwa, hata hivyo. SA huongeza tindikali kuliko mbolea nyingine za kawaida: kufuta tindikali inayoletwa na kilo moja ya naitrojeni ya SA kunahitaji kilo tano hivi za chokaa safi, wakati urea inahitaji chini ya mbili. Mkulima wa udongo mchachu anayevutwa na mfuko huo wa bei ya chini kila mwaka anajichimbia shimo taratibu, na upangaji wa bei kwa mfuko unamsukuma humo humo. Pia udongo usio na mboji hauishiki naitrojeni, hivyo samadi tani moja pamoja na nusu mfuko wa urea mara nyingi huzaa kuliko mfuko mzima peke yake. Mkutano wa Nairobi wa Mei 2024 kuhusu mbolea na afya ya udongo uliweka mambo haya mawili kwenye azimio moja, mbolea za viwandani na za asili pamoja, na hilo lilikuwa jambo la busara kuliko ubishi wetu wa ama hii ama ile.

Kuna jambo jingine ambalo bei haiwezi kulitatua hata ikishuka hadi 40,000, nalo ni mwezi ambao mfuko unauzwa. Mkulima ana fedha Juni na Julai baada ya kuuza mahindi. Novemba hana. Ada zimelipwa, msiba umepita, chakula cha ndani kinapungua, na hapo ndipo ujumbe wa ruzuku unapoingia kwenye simu. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walilifanyia jambo hili jaribio huko Busia, magharibi mwa Kenya. Walimpa mkulima nafasi ya kulipia mbolea mara tu baada ya mavuno, kwa bei kamili, na kuletewa bure nyumbani. Matumizi yalipanda kiasi kinacholingana na kupunguza bei kwa nusu wakati wa kupanda. Punguzo la usafiri, likitolewa mwezi sahihi, lilifanya kazi ya ruzuku ya asilimia 50. Watafiti hao walionyesha pia, katika kazi nyingine ya eneo hilo hilo, kwamba nusu kijiko cha chai kwa shimo, ikiwekwa mahindi yakiwa magotini, iliwalipa wakulima vizuri kuliko kifurushi kamili kilichopendekezwa na wizara. Hilo lingepaswa kutustua sisi tunaodhani kila anayetumia chini ya mfuko kwa ekari hajaelimika.

Ukilichukua hili kwa uzito, ratiba ya ruzuku inabadilika yote. Dirisha la kulipia lifunguliwe Juni, kupitia AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao) na maghala yanayopokea mahindi, mkulima akate fedha ya mbolea palepale anapopokea malipo ya mazao. Agizo la meli litoke kwenye malipo hayo badala ya makisio, na DAP iwe wilayani kabla ya Oktoba kwisha. Anayeweza kulipia nusu mfuko alipie nusu. Mifuko ya kilo 25 ipatikane kwa kila wakala, ili watu waache kununua urea ya kupimwa kwa kilo kutoka mfuko uliofunguliwa wiki mbili na kuvuta unyevu. Fidia ya serikali ipangwe kwa kilo ya naitrojeni na ya fosforasi, halafu SA na CAN zijipatie wateja wao kwa sifa zao. Kiwango cha fidia kifungwe na bei ya dunia: ikipita kiwango kilichotangazwa, ruzuku inapanda, ikishuka inapungua, na mkulima na kampuni wote wajue kanuni hiyo mapema.

Kinachookolewa kiende kwenye chokaa, na hapa tuwe waangalifu. Hata chokaa inapotajwa kwenye mipango, watu huifikiria kama mbolea nyingine ya kupunguziwa bei. Mawe ya chokaa tunayo. Viwanda vya saruji vya Mbeya na Tanga vimekaa juu yake. Uzito ndio tatizo. Ekari iliyohitaji mfuko mmoja wa DAP inahitaji mifuko 8 hadi 16 ya chokaa, na nauli kwenye barabara ya kijijini huizidi bei ya bidhaa yenyewe. Ruzuku ya chokaa ni ruzuku ya lori, na pengine ya mashine za kusaga ziwekwe karibu na mashamba, zikikaguliwa kwa ulaini wa unga na nguvu yake ya kufuta tindikali. Chokaa yenye mabonge inaweza kukaa ardhini miaka miwili bila kufanya kazi ya maana, na mkulima aliyeibeba mgongoni hatairudia.

Yote haya yatabaki maneno kama hatujui kilo ngapi zimetoka. Daftari la ruzuku linajua jina la mkulima, kijiji, ekari alizotamka, aina ya mbolea na tarehe aliyoichukua. Halina safu ya mavuno. Kuijaza kwa wakulima wote haiwezekani, wala haihitajiki. Ichaguliwe sampuli kwa bahati nasibu kutoka daftari lenyewe, mashamba kumi kwa kata, ukiwemo upande wa walioandikishwa wasionunue. Mei hadi Julai afisa ugani apime eneo la mita 5 kwa 5 mahali palipochaguliwa bila kuangalia mahindi yalivyosimama, avune, apukuchue, apime uzito na unyevu, na arudishe hesabu kwenye unyevu wa asilimia 13. Achukue na udongo wa shamba hilo kwa kipimo cha pH, na tarehe ya kupanda. Pikipiki walishapewa. Mafuta ya pikipiki kwa miezi mitatu ni tone kwenye mabilioni ya ruzuku, na msimu mmoja wa takwimu hizo ungetuonyesha, wilaya kwa wilaya, ni wapi mfuko wa ruzuku unalipa na ni wapi hautalipa mpaka lori la chokaa litangulie.